Kofia ya Dodoki na Chungu cha Tatu

Nina mkwe ambaye kwa miaka mitatu sijamwona uso, lakini kisogo chake nakijua kuliko kitabu changu cha nyimbo za kanisani. Ni kisogo kipana, kina kovu dogo upande wa kushoto, na kilichobaki chote ni majivuno. Majivuno yanaonekana hata kwa nyuma, msibishe.

Anaitwa Clever. Wazazi wake, watu wa Mbebe kule Ileje, walimpa jina hilo siku aliyozaliwa, kabla hawajamwona akifanya jambo lolote. Waliharakisha.

Alimwoa Judith, kitinda mimba wangu, wakaenda kuishi Tunduma, mtaa ambao malori ya kwenda Zambia hupanga foleni mpaka dereva anaota ndevu. Clever ni fundi wa viti vya pikipiki. Anashona, anajaza sponji, anapiga misumari. Kazi nzuri, haina aibu. Lakini ukimwita fundi anakuangalia kama umemtukana marehemu babu yake. Yeye ni injinia.

Sasa, kwa nini sijamwona uso? Ukoo wetu hapa Ihanda una utaratibu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani wala hawasemeshani mpaka mkwe alete chungu. Akija nyumbani kwangu, mimi nakimbilia ndani. Tukikutana njiani, yeye anaingia kwenye mashamba ya kahawa ya watu na mimi nageukia mtaro. Siku ya harusi yao nilikaa nyuma ya nguzo ya kanisa nimefungua mwavuli. Angalieni picha: ule mwavuli wa maua mekundu ndio mimi.

Chungu chenyewe ni hivi. Kijae pombe ya ulezi iliyopikwa na mama yake mzazi, mkwe akibebe mwenyewe, akifikishe mlangoni kwangu kikiwa kizima. Ninywe mimi kwanza, ndipo tusalimiane, na kuanzia siku hiyo naruhusiwa kuingia nyumbani kwake. Kikivunjika njiani, alete kingine. Cha tatu kikivunjika, hakuna cha nne. Tutazikwa bila kujuana sura.

Ni jambo rahisi. Marehemu mume wangu alimletea mama yangu chungu kwa miguu, kutwa nzima, kichwani, juu ya kata ya majani ya mgomba. Hakumwaga hata tone. Na huyo alikuwa mtu anayeweza kuanguka akiwa amekaa.

Clever chungu cha kwanza alikiweka mbele ya pikipiki, juu ya tangi la mafuta, akakibana kwa magoti kama mtoto wa shule. Kilifika shimo la kwanza. Mashimo ya Mbebe ni mengi, yeye hakuyaona mengine.

Cha pili alikifunga nyuma kwa mipira. Kwenye mteremko breki zilimkatalia. Chungu kikaenda kwenye jiwe, yeye akaenda kwenye lundo la magogo ya mgomba ambayo mtu alikuwa amekatia ng'ombe wake. Chungu kikawa vigae. Clever akainuka mzima, hana hata mchubuko.

Mtu mwingine angelia. Clever akagundua.

Alirudi Tunduma na gogo la mgomba begani, akalipasua katikati ya sebule ya mwanangu. Judith alinipigia simu, akaniambia baba wa watu amelala kifudifudi anachungulia gogo. Eti ndani ya mgomba kuna vyumba vyumba, vyumba vidogo vimejaa hewa, na kila chumba kikipigwa kinabonyea chenyewe ili cha jirani kipone. Eti Mungu ni injinia kama yeye.

Nikamwambia Judith, huo mgomba nimewalisha ng'ombe miaka hamsini, na ng'ombe hawajaniambia habari za vyumba.

Kuanzia hapo hakushona viti tena. Usiku na mchana yuko kwenye simu yake, anawatazama wataalamu wa mbali huko wanavyochunguza viumbe. Akajua kwamba kigong'ota anagonga mti kutwa na kichwa hakimuumi. Akajua kwa nini yai la mbuni halipasuki ovyo, yeye ambaye mbuni hajamwona hata kwenye noti. Siku moja Judith akaingia kuoga, akakuta dodoki lake la kujisugulia limekatwa vipande. Clever alikuwa ameligundua nalo. Nyuzi zake, alisema, zimesukwa huku na huku, kishindo kikiingia kinapotea njia.

Akachanganya: nyuzi za mgomba mkavu ndani, dodoki nje, gundi ya viatu katikati. Akakiita kitu hicho Dodomgomba. Akatangaza pale kijiweni kwamba kitaokoa vichwa vya madereva bodaboda wote kutoka Tunduma mpaka Mkwajuni, na Wazambia wa Nakonde watakuja kupiga magoti wauziwe. Ila kwanza kitambebea chungu cha mama mkwe.

Hapo sasa nikaacha kucheka. Maana Judith alikuwa na mimba ya miezi saba.

Naomba mnielewe. Nimezaa saba, na wajukuu wangu wote nimewaogesha kwa mikono hii siku arobaini, mmoja mmoja. Huyu wa kitinda mimba ndiye wa mwisho nitakayemwogesha kabla magoti hayajakataa. Judith angekuja kuzalia kwangu, mambo yangekwisha, lakini kliniki walimwambia presha yake inapanda, asikae mbali na hospitali. Kwa hiyo mimi ndiye wa kwenda. Na kwenda kwenye nyumba ya Clever bila chungu kufika siwezi. Furaha yangu yote ya uzee ilikuwa imefungwa ndani ya dodoki la kuogea.

Tena ikaja habari ya mayai.

Nilikuwa nampelekea Judith trei ya mayai ya kienyeji kila wiki kwa basi, ale apate nguvu. Wiki ya kwanza nikamuuliza kama yalimfaa.

"Mama, sikula hata moja. Clever aliyapandisha juu ya kontena la lori."

"Yanafanya nini huko juu?"

"Anayafunga kwenye Dodomgomba, anayadondosha. Anasema ni utafiti."

Mayai thelathini yalipanda lori, matatu yakashuka mazima. Kuku wangu wanataga kwa kujikamua, mwanangu anakunywa chai kavu, na injinia anapaka barabara ute.

Kumwambia mkwe siruhusiwi. Kumgombeza Judith namwonea. Basi trei ya wiki ya pili niliiweka kwenye sufuria kubwa, nikayachemsha yote, nikayapanga vizuri kwenye trei, nikayatuma. Nikawaza, akiyadondosha, angalau Judith atayaokota ale.

Sikumwambia mtu. Judith mwenyewe alinipigia jioni, sauti inamtetemeka kwa kicheko.

"Mama, umefanya nini?"

"Kwani vipi?"

"Yamedondoshwa yote. Hakuna hata moja lililomwagika. Yana nyufa kidogo tu. Clever amelia machozi pale barabarani, madereva wamembeba juu juu."

Nikamuuliza kama amemwambia. Akasema alitaka kumwambia, lakini mumewe alikuwa amefurahi sana, na yeye mwenyewe alikuwa amekula manane. Tukakubaliana tumwache na furaha yake. Hapo ndipo nilipokosea, nakiri. Injinia aliyefaulu mtihani kwa mayai ya kuchemsha ni mtu wa hatari.

Sasa Clever hakushikika. Akashona koti la chungu, nene kama godoro la hospitali ya serikali, lina mikanda na vifungo. Mabaki akajitengenezea kofia. Judith alinieleza ilivyo: inafunika kichwa chote mpaka kidevuni, nyuma na mbele, ina matundu mawili tu ya macho, na kwa mbali mtu akiivaa anafanana na mzinga wa nyuki unaotembea. Nikamtuma Judith amwambie mumewe aache hayo, akibebe chungu kichwani kwa kata kama wanaume wenzake. Jibu likaja kwamba kata ni teknolojia ya kizamani.

Kizamani! Kata ni nini kama siyo mgomba uleule chini ya chungu kilekile? Lakini ningemwambia nani?

Jumamosi aliyopanga kuleta chungu cha tatu ilipofika, uani kwangu palikuwa na watu wawili. Kwanza Raphaeli, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika mila za ukoo na mwenye mrija mrefu kuliko wote katika pombe za ukoo. Alikaa kwenye kigoda tangu saa mbili asubuhi, mrija mdomoni tayari, kama mtu anayemsubiri daktari. Pili jirani yangu Tabita, aliyesema amekuja kuazima chumvi. Alikaa na chumvi yake mkononi mpaka mchana.

Mimi nilikuwa ndani, mlango umerudishwa, jicho kwenye ufa. Ufa huo siyo wa mila. Ni wa mchwa.

Pikipiki ikasikika kutoka barabara kuu. Ikaingia uani. Na hapa lazima niseme haki yake: Clever alikuwa amejaa matope upande mmoja, kioo cha pikipiki kimevunjika, ameanguka njiani mara mbili, mwenyewe alikiri. Na chungu kilikuwa kizima. Kimekaa kwenye koti lake kimenona, hakina hata ufa. Nilishaanza kuwaza khanga zipi nitafunga kwenye kifurushi cha safari.

"Shemeji, kimefika!" Raphaeli akaniitia. Kisha akamgeukia Clever. "Haya kijana, fungua, mama yako anywe."

Clever hakufungua. Angekuwa mtu mwingine angefungua. Yeye aliweka mguu mmoja juu ya kigoda cha wageni, kofia kichwani, akaanza kuhutubia.

"Mzee, kabla hujafungua, lazima ujue unafungua nini. Hapa mnaona chungu. Mimi naona kigong'ota, naona mgomba, naona dodoki. Nimeanguka kule Mbebe, nimeanguka tena huku. Kishindo kimeingia, kikatafuta chungu, hakikukiona. Ni sayansi hii, mzee, siyo kata za bibi zetu."

Tabita akauliza mdomo wa chungu umezibwaje, mbona hauvuji.

"Hapo ndipo penyewe, mama. Mpira wa tyubu, tabaka tatu, na waya juu. Hata hewa haitoki."

Nikasogeza jicho karibu zaidi na ufa.

Pombe ya ulezi, jamani, ni kitu kinachopumua. Msichana yeyote wa miaka kumi hapa kwetu anajua: mdomo wa chungu unafunikwa kwa jani, na jani linaachiwa nafasi. Ukiiziba inavimba, ukiitikisa inakasirika. Na huyu bwana ameiziba kwa mpira na waya, akaivalisha koti la godoro ikapata joto kama mtoto mgonjwa, akaitikisa mashimo yote ya Ileje, kisha akaisimamisha juani ili isikilize hotuba.

Nikatega sikio. Chungu kilikuwa kinaimba. Kisauti chembamba, kama birika inayokaribia kuchemka.

Siruhusiwi kumsemesha. Lakini kuku wangu mwekundu, yule asiye na mkia, alikuwa amesimama kizingitini, na kuku hana mila.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti kubwa kupitia kwenye ufa, "mwambie mwenye chungu akifungue sasa hivi."

Kuku akanitazama. Clever akaendelea kueleza vyumba vya mgomba.

"Kuku! Mwambie pombe inataka kupumua! Mwambie ang'oe huo mpira!"

"Mama mkwe anaongea na kuku wake," Clever akamwambia Raphaeli kwa upole. "Uzee nao. Tumwombee."

Uzee! Nikashika komeo nitoke, mila ikae pembeni, nikamfungulie mwenyewe. Mkono ukasita. Nikitoka tukaonana kabla sijanywa, chungu kimebatilika kana kwamba kimevunjika. Nisipotoka, kinavunjika. Nilisimama pale na komeo mkononi, na huo ulikuwa muda mrefu kuliko uchungu wa mtoto wangu wa kwanza.

"Na ndiyo maana," Clever akasema, akaweka kiganja juu ya chungu, "hakuna kishindo duniani kinachoweza kukigusa chungu hi—"

Mlio ule ulisikika mpaka shuleni. Wengine walidhani tairi la lori limepasuka barabara kuu.

Moshi wa machicha ulipotua, niliangalia. Raphaeli yuko kwenye kigoda chake vilevile, mrija mdomoni, amepakwa ulezi kuanzia utosini mpaka viatuni, kama mahindi yaliyotiwa dawa. Tabita chumvi yake imekuwa uji. Kuku hayupo, alionekana Jumatatu. Na Clever amelala chali, kofia yake imejaa machicha kwenye matundu ya macho.

Hakuna aliyeumia. Hilo nalo niliseme. Vigae vyote vilibaki ndani ya lile koti, vimekwama kwenye dodoki, hata kimoja hakikutoka. Alikuwa amekikinga chungu dhidi ya dunia nzima, na dunia ikakingwa dhidi ya chungu. Kitu alichosahau ni kwamba ugomvi unaweza kuanzia ndani.

Raphaeli akautoa mrija mdomoni, akaufuta, akaukunja. Nilijua maana yake.

"Cha tatu," akasema.

Clever akakaa kitako. Hakusema sayansi, hakusema kigong'ota. Akasema tu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake, "Mzee, mke wangu atanielewaje? Anamsubiri mama yake."

Nikakaa chini nyuma ya mlango, nikalia kidogo. Kidogo tu. Kisha nikajifuta, nikainuka, nikachungulia tena. Na nikaona kitu ambacho hakuna aliyekiona pale, kwa sababu wote walikuwa na ulezi machoni.

Kuku hayupo, kwa hiyo nikazungumza na sufuria.

"Sufuria, muulize shemeji yangu Raphaeli. Mila inakataza nisione nini?"

Raphaeli akafikiri. "Uso wa mkwe, shemeji. Na yeye asione wako."

"Muulize, huyo aliyekaa hapo kwenye matope ana uso?"

Raphaeli akamtazama Clever. Akamzunguka mbele, akamzunguka nyuma. Dodoki mbele, dodoki nyuma.

"Hana," akasema.

"Muulize, na kama hiyo kofia akiigeuza, matundu yakae kisogoni, ataniona?"

Mzee Raphaeli ni mtu wa haki, na pia alikuwa na kiu. Tulielewana. Alitoa hukumu palepale: chungu kimevunjika na kimevunjika, Clever na mimi hatutaonana uso maisha yetu yote. Lakini mama anaweza kwenda kuogesha mtoto wa mwanawe, ilimradi mwenye nyumba, kila anapokuwa chumba kimoja na mama mkwe, avae kofia yake mbele nyuma. Na apeleke kwa Raphaeli debe la pombe, lililofunikwa kwa jani.

Clever akauliza kama ataivaa hata wakati wa kula. Raphaeli akamwambia atakula jikoni.

Mtoto alizaliwa mwezi Juni, wa kike, mzima. Akaitwa Aida, jina langu. Kuna waliopendekeza majina mengine lakini siku hizi masikio yangu hayasikii vizuri. Nilifika Tunduma na khanga zangu, nikakaa siku arobaini kama ilivyo haki, nikamwogesha asubuhi na jioni, na kila nilipoinua macho niliona mzinga wa nyuki ukipapasa ukuta.

Tulizungumza kupitia mtoto, maana kuku nilimwacha Ihanda na hajapona moyo. Mambo yalikwenda vizuri. Clever aligonga kabati, akagonga stuli, akagonga jiko la gesi. Mlango wa sebuleni aliugonga kila siku, mahali palepale. Madereva wa foleni walisogea dirishani kutazama. Wawili kati yao, wenye mama wakwe wakali, wakaomba watengenezewe za kwao. Si za kuendeshea, walisema. Za kuvaa nyumbani.

Siku ya thelathini na tisa nilikuwa nimempakata mtoto, namkausha. Clever akaingia, akaupata mlango wa sebuleni kwa paji la uso, kishindo kikatikisa vikombe. Hakuyumba. Akasimama wima, kofia imeinuka, na kile kisogo ninachokijua, ingawa sasa kilikuwa kimefichwa, nikahisi kimejaa tena.

"Aida mwanangu," akasema kutoka ndani ya dodoki, "mwambie bibi yako sijasikia maumivu hata kidogo. Mwambie Dodomgomba inafanya kazi. Hata yai lingepona. Na yeye anajua, mayai ni yake."

Judith, aliyekuwa anakunja nepi, akaanza kutikisika mabega.

Nikamfunika mtoto vizuri. Nikamfunga khanga. Sikuwa na haraka.

"Aida mjukuu wangu," nikasema, "mwambie baba yako nimeona, kofia ni nzuri. Halafu muulize, katika mayai yote yale yaliyopona, alishawahi kumenya hata moja?"

Taratibu nikaona mabega ya mkwe wangu yakishuka, moja, kisha la pili.

Halafu kofia ikageuka ili itoke nje, ikagonga mlango.